Marehemu Anakunywa Supu

Mama mkwe alishuka na begi, kuku na flashi. Begi likaenda chumbani, kuku jikoni, na flashi nikakabidhiwa mimi. "Baba, humu mna tamthilia yangu ya Kituruki. Nimeishia sehemu ya kumi na moja."

Saa mbili usiku familia nzima ilikuwa sebuleni. Nimeshanakili kila kitu kwenye folda ya Videos, waya wa HDMI uko kwenye tivii, nikabofya mara mbili S12.mkv. Picha safi, sauti safi, Kituruki kitupu. Chini ya kioo hakuna hata herufi.

"Maneno yako wapi?"

"Yanakuja, mama."

Vichezeshi vingi vya video hutafuta manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, kwa jina: ukifungua S12.mkv, kinachungulia folda hiyohiyo kama kuna S12.srt. Manukuu ya kwenye flashi yalikuwa na majina ya kihuni: sw_final(2).srt, sw_final(3).srt. Nikajisemea, kumbe ndiyo shida. La kwanza nikaliita S12.srt, la pili S13.srt. Nikafunga, nikafungua. Kituruki kitupu.

Mke wangu akaninong'oneza, "Si uwatafsirie tu?" Nikajitosa. "Hapa anamwambia kodi ya nyumba imechelewa."

"Huyo ni daktari," mama mkwe akasema bila kunitazama. "Na wako wodini."

Ikabidi nipakie manukuu kwa mkono. Nikaingia kwenye menyu ya kichezeshi, dirisha la kuchagua faili likafunguka, na humo S12.srt limekaa palepale, ubavu kwa ubavu na video yake. Nikalichagua. Maandishi yakajitokeza! Nikaegemea kochi kama fundi aliyerudisha umeme mtaa mzima.

Kwenye kioo, mzee mwenye masharubu anacheka na bakuli la supu mkononi. Chini yake: "Mungu amlaze mahali pema. Alikuwa baba wa wote."

"Amekufa?" mama mkwe akauliza.

"Mama, si huyo anakunywa supu?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

Dakika ya kumi tukajua kwamba aliwekewa sumu. Dakika ya kumi na nne tukamjua aliyeiweka: mkwe wake, ambaye wakati huohuo alikuwa anamwongezea supu. "Usinywe!" mama mkwe akapiga kelele, kisha akageuka taratibu na kunitazama mimi, mkwe wake, niliyekuwa nimetoka tu kumpakulia mchuzi wa kuku.

Manukuu ya sehemu ya 12 kumbe hayakuwa na namba kabisa. Yaliitwa sw_final.srt, basi. Ile (2) ilikuwa ya 13, na (3) ya 14. Ujinga huo ni wangu mwenyewe. Lakini ule wa mwanzo, wa manukuu kutoonekana kabisa, haukuhusiana na majina hata kidogo.

Kompyuta yangu ni ya Linux, na kichezeshi nilikisakinisha kwa Flatpak, njia mojawapo ya kuweka programu humo. Programu za namna hiyo hufungiwa ndani ya boksi. Kama haikupewa ruhusa ya mafaili, Videos yako haipo kabisa machoni pake. Sasa inafunguaje video? Lile dirisha la kuchagua faili si lake. Ni la mfumo, linaitwa portali, na linaendeshwa nje ya boksi, ndiyo maana wewe unaona kila kitu humo. Ni kama duka la Mangi lenye nondo dirishani: wewe uko nje, unanyoosha kidole, Mangi anakupitishia ulichokionyesha. Ukionyesha sukari, hakupi na majani ya chai eti kwa sababu yako rafu moja.

Kubofya mara mbili nako kunapita dirisha hilohilo la Mangi, yaani portali. Fungua faili la .desktop la programu yako ndani ya /var/lib/flatpak/exports/share/applications, angalia mstari wa Exec, ule wa amri ya kuiwasha: utakuta --file-forwarding na alama za @@. Maana yake, faili lililo kati ya alama hizo lipitishwe kwenye portali kwanza. Nilipoorodhesha yaliyomo kwenye portali kwa amri ya ls /run/user/1000/doc/ nikakuta folda yenye jina la herufi na tarakimu nane, na ndani yake S12.mkv peke yake kama yatima. Hiyo ndiyo "folda" ambayo kichezeshi kilikuwa kinachungulia kutafuta S12.srt. Hata ningelibadilisha jina mpaka asubuhi, lisingeonekana. Nililichagua kwa mkono, likapewa folda yake ya pekee, ndipo likasomeka.

Ugonjwa huu una ndugu. Ukurasa wa HTML uliouhifadhi hufunguka bila picha wala mtindo. Ukishaona anwani ya faili inaanza na /run/user, usihangaike na majina.

Kabla ya kutibu, pima: flatpak info --show-permissions, kisha kitambulisho cha programu. Kichezeshi changu hakikuwa na mstari wa filesystems, yaani ruhusa za folda, hata mmoja. Tiba:

flatpak override --user --filesystem=xdg-videos:ro kitambulisho-cha-programu

Hiyo xdg-videos ni folda ya Videos, na :ro inaruhusu kusoma tu, na kichezeshi hakina sababu ya kuandika. Wengi huandika host, yaani karibu mafaili yote ya kompyuta, kwa uvivu tu. Basi boksi lilikuwa la nini? Ila kumbuka xdg-videos haifiki kwenye flashi. Fedora, aina ya Linux ninayotumia, huipachika chini ya /run/media, kwa hiyo nakili kwanza. Halafu ifunge programu kabisa na uiwashe upya, kwa sababu boksi lililokwisha kujengwa haliongezewi dirisha. Mimi nilisahau hatua hii, nikaitukana amri nzima kwa dakika ishirini. Ukijuta, --reset inafuta uliyoongeza. Asiyependa kuandika amri kwenye terminali anaweza kutumia Flatseal, programu yenye swichi za kubofya.

Usiku huohuo nikarekebisha majina yote matatu. Kesho yake saa mbili kamili nikamwita mama mkwe kwa mbwembwe, tukamaliza ya 12 kwa manukuu yake halali. Nikaweka S13.mkv. Manukuu yakaja yenyewe, neno kwa neno. Msiba, vilio, mzee mwenye masharubu ndani ya jeneza.

"Hiyo nimeshaisoma, baba," akasema. "Weka ya kumi na nne."