Hewaukaa si zimwi

Mwaka jana nilimtungia mpwa wangu hadithi ya mabadiliko ya tabianchi. Ilikuwa na zimwi jeusi liitwalo Hewaukaa, jina la gesi ya kaboni dioksidi, linatanda angani na kuichoma dunia kwa pumzi yake. Nilijiona fundi. Nilipofika pale zimwi linapokaribia kushindwa, akanikata kauli: "Mjomba, mwalimu alisema hata sisi tukipumua tunatoa hewaukaa. Kwa hiyo na wewe ni zimwi?"

Hadithi ikaishia hapo. Ana miaka 7, na sikuwa na jibu.

Bado naamini hakuna njia bora ya kumfundisha mtoto jambo hili kuliko hadithi. Ila nyingi tunazotunga zinawadanganya. Ngano tulizokulia zilikuwa na fisi mlafi au jitu linalokula watu, basi nasi tunatafuta wa kubebeshwa lawama. Hewaukaa si fisi. Bila gesi za namna hiyo angani, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake. Ni blanketi. Mtoto aliyefunikwa la kwanza usiku wa baridi, kisha akaongezewa la pili na la tatu, hahitaji kuelezwa kinachofuata.

Na ile pumzi? Hadithi nzuri ilikuwa imejificha humo, nami nikaipita. Kaboni, iliyomo ndani ya hewaukaa, ni msafiri. Anatoka hewani, anaingia kwenye jani, jani linaliwa, mlaji anapumua, msafiri anarudi hewani. Safari fupi ya mzunguko, haiongezi blanketi. Lakini wako wasafiri waliolala. Miaka kama milioni 300 iliyopita, kabla hata ya dinosaria, mimea ya vinamasi ilianguka, ikazama matopeni, ikafukiwa kabla haijaoza, na polepole ikawa makaa ya mawe. Wakalala humo. Kisha binadamu akachimba, akawasha moto, akawaamsha kwa mkupuo. Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa za hewaukaa. Sasa zimepita 420. Tarakimu hizo msianze nazo. Mpeni mtoto ule usingizi na kule kuamshwa. Hesabu ataitafuta mwenyewe akikua.

Mtu ataniambia hadithi isiyo na mbaya wake haina chumvi. Nakubali nusu. Wapo wakubwa waliojua na wakanyamaza, na kijana wa miaka 15 anastahili kuambiwa hivyo bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wa miaka 7 aelewe kwanza.

Linaloniudhi zaidi ni mtoto shujaa. Anapanda mche mmoja, mvua inarudi, kijiji kizima kinashangilia. Sasa mtoto halisi akipanda mche wake, na mwaka unaofuata ukame ukaja vilevile, nani kamdanganya? Tunamtwika mzigo wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi. Hao juzi tu walikuwa wanakaa miguuni petu wakisikiliza hadithi.

Ndiyo maana nataka hadithi ambamo watu wazima wanafanya kazi yao. Ipo moja ya kweli: gesi za majokofu zilikuwa zinalila tabaka la ozoni, ngao ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, serikali zikakubaliana Itifaki ya Montreal mwaka 1987, gesi hizo zikaondolewa hatua kwa hatua, na tabaka linapona. (Tundu la ozoni silo linaloipasha dunia joto, jamani. Hata wakubwa huvichanganya.) Ipo pia ya Eunice Foote, Mmarekani aliyejaza gesi kwenye mitungi ya kioo, akaiweka juani, akaona wenye hewaukaa unapata joto zaidi na unachelewa kupoa. Mwaka 1856 kazi yake ilisomwa mbele ya wanasayansi, na aliyeisoma alikuwa mwanamume, si yeye. Mpwa wangu alikasirika. Naona hasira ile itamfanya aikumbuke mitungi miaka mingi.

Wiki hii nilimsimulia kasa. Mayai yake hufukiwa mchangani, na joto la mchanga ndilo linaloamua: ukiwa na joto zaidi hutoka majike, ukiwa na ubaridi hutoka madume. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, watafiti walikuta kasa wachanga wa kijani karibu wote ni majike. Sikuongeza zimwi.

Alinyamaza kidogo. "Sasa nani atawaoa?"

Nikamwambia wako watafiti wanaojaribu kuvitilia viota kivuli na kuvimwagia maji.

"Kivuli kikubwa kiasi gani?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshakwenda kuleta mwavuli wake.