Kanzu ya Madeni

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Temeke alikuwa anastaafu, kamati ikataka picha yake kubwa iliyoundwa kwa picha ndogondogo: upana sentimita 100, urefu 150. Nikaigawa vigae vya sentimita 2.5, yaani 40 kwa 60, jumla 2,400. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, kila kigae kinapata pikseli 295 kwa 295. Hizo 295 ndizo zilizomponza mtu.

"Nichagulieni picha 800 safi," nikawaambia. Mpwa wake akaleta flashi yenye kila kitu kilichokuwa kwenye simu ya Mzee. "Zote za familia hizo, fundi." Na sherehe ni kesho.

Tangu Robert Silvers aipe umaarufu mbinu hii akiwa chuo kikuu cha MIT, Marekani, miaka ya 1990, kompyuta haijui shangazi wala harusi. Inakata picha iwe mraba, inaigawa vyumba 3 kwa 3, inapiga wastani wa rangi ya kila chumba, halafu inatafuta pa kuibandika. Paji la uso wa Mzee likapata sahani za pilau. Koti jeusi likapata zile picha zinazojipiga simu ikiwa mfukoni.

Kasheshe ikawa kanzu. Nyeupe ni adimu kwenye picha za watu. Hata bibi harusi na shela lake, ukipiga wastani unapata kijivu cha vumbi. Nyeupe yenyewe iko kwenye risiti na skrinshoti, na Mzee hupiga skrinshoti kila ujumbe wa kuombwa hela. Ushahidi, anasema. Nami nilikuwa nimeweka kigae kisijirudie ndani ya nafasi tano. Basi kila nafasi tano zikipita, programu inakirudisha kilekile.

Ukumbini, kwa mita tano, ni Mzee mtupu, anatabasamu. Vigelegele! Dada yake akasogea, akavaa miwani. Kwa pikseli 295, herufi za skrinshoti hutoka na urefu wa kama milimita moja. Zinasomeka.

"'Shemeji, nikopeshe elfu hamsini, Ijumaa narudisha,'" akasoma kwa sauti. Akashuka kifuani. "Na hapa hamsini! Na hapa!" Alipofika kwenye pindo zilikuwa kumi na nne. "Laki saba, shemeji?"

Shemeji, mwenyekiti wa kamati, akaapa kwamba ni hamsini moja tu, kompyuta ndiyo imezizalisha. Ukumbi mzima ukawa shahidi kwamba hiyo moja anadaiwa.

Nikamweleza Mzee dawa: tunaondoa skrinshoti, tunapiga picha kama 60 za ukuta mweupe, mashuka, mawingu na ubwabwa, kisha juu ya vigae tunalaza picha yake halisi iliyofifishwa, ionekane kwa asilimia 20 badala ya 10 niliyoweka, rangi ikae. Nichape upya?

"Usiiguse," akasema, anahesabu noti za shemeji. Akauliza kama pale kwenye pindo nafasi ya mpangaji wake wa Mbagala itapatikana.