Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisogo je?

Tarehe 4 Aprili 2022, asubuhi, askari wa mji wa Grand Rapids huko Michigan alisimamisha gari kwenye mtaa wa makazi. Dereva alikuwa Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 kutoka Kongo, aliyefika Marekani na familia yake kama wakimbizi mwaka 2014. Alifungua mlango akashuka. Askari akamwambia arudi ndani ya gari, hakurudi. Akaulizwa kama anajua Kiingereza, akajibu ndiyo. Akatakiwa leseni, akaelezwa kwamba namba zilizobandikwa si za gari lile. Akaongea na abiria wake, akafunga mlango, akaanza kujiondokea. Askari akamshika, yeye akachoropoka na kukimbia, wakakamatana tena kwenye nyasi mbele ya nyumba za watu. Teza, ile silaha ya kupiga shoti ya umeme, ilifyatuliwa mara mbili isimpate. Lyoya akaing'ang'ania, askari akipiga kelele aiachie. Mwishowe Lyoya akiwa kifudifudi na askari yuko juu ya mgongo wake, bastola ikachomolewa, na risasi moja ikaingia kisogoni.

Baba na mama yake walipokutana na waandishi wa habari walizungumza Kiswahili, mkalimani akiwageuzia kwa Kiingereza. Labda ndiyo maana kesi hii iliwagusa watu wetu kuliko nyingine za aina yake. Na ndiyo maana pia hukumu ya vijiweni ilitoka haraka: angetii, angekuwa hai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Kiswahili hakina upungufu wa methali za kumlaumu marehemu.

Hoja hiyo ina uzito, na wanaoibeza wengi hawajawahi kuvaa sare. Polisi wa Marekani husimamisha madereva zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, na karibu wote huondoka na faini au onyo. Wanaouawa na polisi nchi nzima, barabarani na kwingineko, ni kama watu 1,000 kwa mwaka, na wengi wao walikuwa na silaha ya namna fulani. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa huku tunalisahau: raia wa Marekani wana bunduki nyingi kuliko idadi yao wenyewe. Askari anayekaribia dirisha la gari pale hana budi kujiuliza kuna nini chini ya kiti. Kwenye kesi ya Lyoya, upande wa askari ulisema teza mkononi mwa mtu mwingine ingeweza kumlemaza kwa sekunde chache, na sekunde hizo zingetosha kumnyang'anya bastola. Uchunguzi wa mwili nao ulionyesha kwamba Lyoya alikuwa na pombe zaidi ya mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa kuendesha gari. Kama angebaki kwenye kiti chake akatoa leseni, naamini angelala rumande siku ile, asubuhi ya pili akapigiwa simu mkalimani. Hilo sibishi.

Lakini hesabu ya milioni 20 ina mtego. Waliotii wakarudi nyumbani ni wengi, kweli. Waliobisha, waliotukana, hata waliokimbia na bado wakarudi nyumbani ni wengi pia. Kutaka kujua kama utiifu ni kinga, mtazame aliyetii.

Septemba 2014, Columbia, South Carolina. Levar Jones ameshuka kwenye gari lake katika kituo cha mafuta. Askari wa barabara kuu anamsimamisha kwa ajili ya mkanda wa usalama, anamwomba leseni. Jones anageuka na kuinama ndani ya gari kuichukua, haraka, kama mtu asiyetaka kumchelewesha afande. Risasi zinaanza. Anarudi nyuma mikono juu, anaanguka, na kwenye kamera ya gari la polisi anasikika akisema kwamba alikuwa anachukua leseni tu, si umeniambia niilete? Alipona. Askari alikiri kosa na mwaka 2017 akafungwa miaka 5.

Philando Castile hakupona. Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, alisimamishwa akiwa na mchumba wake na mtoto wa miaka 4 kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa na bastola anayoimiliki kihalali, na kwa heshima akamtaarifu askari kwamba anayo. Hapo akajikuta katikati ya amri mbili: ameombwa leseni, ambayo lazima mkono uifuate, na ameambiwa asiifuate silaha. Mkono ni uleule. Ndani ya sekunde chache zikafyatuliwa risasi 7. Askari aliachiwa huru mwaka uliofuata.

Na asidhani mtu kwamba haya ni ya Weusi peke yao. Daniel Shaver alikuwa Mzungu. Januari 2016, kwenye korido ya hoteli huko Mesa, Arizona, aliamriwa alale chini, anyooshe mikono, akunje miguu, apige magoti, atambae kuja mbele, na akaonywa kwamba akikosea ataweza kupigwa risasi. Alikuwa amelewa, analia, anaomba wasimuue. Akiwa anatambaa mkono wake ukarudi kiunoni, upande ambao kaptula ilikuwa ikimvuka, na akapigwa risasi 5. Hakuwa na silaha. Aliyefyatua aliachiwa huru naye. Kila nikiitazama video hiyo najaribu kuzifuata zile amri nikiwa nimekaa sebuleni, mzima, sijalewa, na bado nakosea.

Kwa hiyo tunapomwambia mtu atii, tunachukulia kwamba amri ni moja, inasikika, inatekelezeka, na anayeitoa atampa nafasi ya kuitekeleza. Tunachukulia pia kwamba utii una sura moja dunia nzima. Huku kwetu trafiki akikupungia mkono, madereva wengi huegesha na kushuka, leseni mkononi, "habari za kazi, afande", maana kubaki umekaa wakati mwenzako amesimama juani kunaonekana dharau. Marekani, kushuka huko kunasomwa kama hatari. Sijui kilichokuwa kichwani mwa Lyoya alipofungua ule mlango, wala sitamsemea. Najua tu kwamba binamu yangu anayeendesha lori Texas ilimchukua miezi kuizuia miguu yake isishuke. Siku hizi leseni ameibana kwenye kile kibao cha kuzuia jua, injini anazima, mikono juu ya usukani, na kabla ya kuigusa leseni anaitangaza kama kondakta anavyotangaza kituo.

Kenya inatuonyesha upande mwingine: askari anapokuwa ameshaamua. Januari 2011, kwenye barabara ya Lang'ata, Nairobi, polisi waliovaa kiraia waliwatoa washukiwa watatu ndani ya gari mchana kweupe. Watu hao walilala chini kama walivyoamriwa, na wakapigwa risasi hapohapo. Dereva mwingine aliyekwama kwenye foleni alipiga picha, na picha hizo zikatoka gazetini. Utii ulikuwa umekamilika, wako chini kifudifudi. Na Machi 2020, siku ya nne ya kafyu ya korona, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alikuwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, mtaa wa Nairobi, wakati polisi wakitawanya watu mtaani. Amri ilisema kila mtu akae nyumbani. Alikuwa nyumbani. Risasi ikamfuata hukohuko.

Sheria yenyewe ya polisi ya Kenya, ya mwaka 2011, inamtaka askari anayekusudia kutumia silaha ajitambulishe, atoe onyo lililo wazi, na ampe mtu muda wa kulitii, isipokuwa pale ambapo kusubiri kungehatarisha maisha. Mzigo, basi, umebebeshwa mwenye bunduki kwanza. Mahakama Kuu ya Marekani nayo, mwaka 1985, iliamua kesi ya Edward Garner, mvulana wa miaka 15 wa Memphis aliyepigwa risasi akipanda uzio kukimbia baada ya kuiba dola 10 na kibeti. Ikasema kukimbia peke yake si sababu ya kuuawa. Miaka minne baadaye mahakama hiyohiyo ikaweka kipimo cha pili: kitendo cha askari kipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, si kwa hekima ya baadaye. Kipimo cha haki, lakini ni kipana, na upana huo ndio mlango ambao kesi nyingi huponyokea.

Mimi ushauri wa kutii nauunga mkono, na mwanangu nitampa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Ninachokataa ni ushauri wa mama kugeuzwa hukumu, kwamba kila aliyekufa alijitakia. Ile methali ya mkuu imetaja adhabu yake, na ni guu. Namba za gari zisizolingana, pombe, ubishi, kukimbia, vyote vina mahakama zake na vifungo vyake, na katika jimbo la Michigan hakuna hata kimoja kinachoadhibiwa kwa kifo, kwa sababu Michigan haina adhabu ya kifo kabisa.

Askari aliyemuua Lyoya alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Mei 2025 wale raia 12 waliokaa kusikiliza kesi walishindwa kukubaliana, ikavunjika, na baada ya wiki mbili mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hataifungua tena. Walitazama video ileile tuliyoitazama sisi, kwa siku kadhaa, wakiisimamisha na kuirudisha nyuma. Askari alikuwa na dakika chache, na hakuna kilichorudi nyuma.