Mali ya mke ni ya mke, lakini karatasi iko wapi?

Kuna hesabu moja nimeisikia mara nyingi mno, sasa naijua mwisho wake kabla msimulizi hajafika. Mke ana kazi, mume ana kazi. Pesa ya mke inaishia kwenye chakula, ada za watoto, dawa, maji na umeme. Ya mume inanunua kiwanja na tofali. Miaka inapita, talaka inaanguka. Mume anabaki na nyumba, na hati ina jina lake. Mke je? Vilivyoliwa vimeliwa, vilivyovaliwa vimechakaa.

Kinachoniuma ni kwamba mwanamke huyu, katika sheria ya Kiislamu, alikuwa na kinga tangu siku ya akdi, yaani ya kufunga ndoa. Chakula, mavazi na makazi ni juu ya mume, hata mke akiwa na mali kumshinda. Mahari ni yake mwenyewe, si ya baba wala ya mjomba: Surat An-Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na mume hali humo ila kile alichoachiwa kwa radhi ya moyo. Aya ya 32 ya sura hiyo hiyo inathibitisha kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma.

Kwa kawaida hapa mtu humtaja Bibi Khadija, mke wa Mtume, na misafara yake ya biashara. Mimi napenda zaidi kisa cha Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud. Yeye alikuwa na kitu, mumewe hana. Akaenda kuulizia kwa Mtume (s.a.w.) kama akimpa mumewe na mayatima anaowalea itahesabika sadaka. Jibu likawa kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Swali lenyewe lina uzito. Kama pesa ya mke ingekuwa ya mume, angeuliza nini?

Lakini mali zikitengana namna hii, anayelindwa ni mwenye ushahidi. Mke akifika kwa kadhi na kusema "nimelisha nyumba miaka yote", ataulizwa alitoa kama nini. Aliyejitolea hana cha kurudishiwa, aliyekopesha ana deni. Na ni nani anayetamka neno "mkopo" akiwa ananunua sabuni ya nyumbani? Hata nafaqa, yaani matunzo ya mke, ambayo mume hakuitoa ina mgogoro wake kati ya madhehebu ya sheria: kwa Mashafi'i inabaki deni shingoni mwake, kwa Mahanafi muda ukipita inaanguka, isipokuwa kadhi alishaihukumu au wawili hao walishakubaliana kiwango.

Wako walioona tatizo hili zamani. Katika karne ya 16, Ibn Ardun, mwanachuoni wa milima ya kaskazini mwa Moroko, alitoa fatwa kwamba mke aliyefanya kazi shambani ana fungu lake katika mazao. Sheria ya familia ya Moroko ya mwaka 2004, kifungu cha 49, inawaruhusu wanandoa kuandika mkataba wa mali watakayochuma, mbali na hati ya ndoa; wasipoandika, hakimu huangalia kazi na juhudi ya kila mmoja. Malaysia nako mahakama za sharia hugawa chumo la pamoja, na kazi za nyumbani huhesabiwa.

Sitaki tukimbilie nusu kwa nusu ya kila kitu. Utengano wa mali unamkinga pia mwanamke mwenye biashara yake na urithi wa baba yake, na kinga hiyo siiachii. Ninachotaka ni kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandika madeni, madogo kwa makubwa. Sijaona humo mahali palipowatoa mke na mume.

Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Nikimwandikisha mume wangu, ndoa imekwisha." Namwelewa. Ila siku ya ndoa mahari yalitajwa mbele ya mashahidi, na yaliyobaki deni yakasemwa wazi kuwa ni deni, na hakuna aliyenuna. Wengine hunikumbusha aya ya 283, inayogusa watu wanaoaminiana. Kweli, lakini tuisome yote: inamwamrisha aliyeaminiwa airudishe amana.

Karatasi yenyewe si kubwa. Tarehe, kiasi, neno moja kati ya mkopo, zawadi au hisa katika nyumba, sahihi za wawili na mashahidi wao. Iandikwe wiki ile mnapochimba msingi, wakati bado mnacheka pamoja juu ya ukubwa wa sebule.