Kondoo wa Mlimani na Upepo: Kaliba Inaokoa Sentimita Ngapi?

Rafiki yangu mmoja hapa Nairobi, ninayefanya naye mazoezi ya shabaha, Agosti atakwenda Alaska kuwinda kondoo mwitu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo bunduki yake ya kaliba (aina ya risasi) ya .270 Winchester imezoea kutoboa karatasi tu. Wenzetu sasa wamegawanyika. Wapo wanaosema .270 haitamfaa kwenye upepo wa kule, atafute 7mm Remington Magnum au .300 Winchester Magnum, kaliba zenye baruti nyingi na nguvu zaidi. Wengine wanamsihi asiiache bunduki anayoijua.

Wanaotetea magnum wana hoja ya kweli. Kinachoamua risasi ipeperushwe kiasi gani ni kasi inayoipoteza njiani. Kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, kikiwa kirefu na chembamba huipasua hewa, hakichoki upesi, na upepo haukisogezi sana. Chukua upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni, na shabaha iwe yadi 400, yaani kama mita 365. Risasi ya kawaida ya .270, yenye kichwa cha greni 130 (greni ni kipimo cha uzito; 130 ni kama gramu 8.4), itasogea kando takribani sentimita 30. Ya 7mm Magnum yenye kichwa kilichochongoka cha greni 162 itasogea kama 21. Ukikumbuka kwamba eneo la moyo na mapafu ya kondoo dume lina upana wa sentimita 25 hivi, hizo tisa si haba. Halafu kuna dubu, ambaye hunusa nyama na kuifuata. Anayetaka kichwa kizito kwa ajili hiyo simlaumu.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande mwingine ambao watetezi wa magnum huupita mbio. Tuseme umekisia upepo ni kilomita 16 kumbe ni 24. Hata ukiwa na 7mm umekosea kwa zaidi ya sentimita 10, yaani faida yote ya kaliba imekwenda. Na kukisia vibaya milimani ni rahisi mno. Jua likipasha mteremko, hewa hupanda; jioni hushuka. Unaweza kulala nyuma ya jiwe pametulia kabisa, huku katikati ya bonde upepo unavuma kwa nguvu, na penye kondoo majani yanaelekea upande mwingine.

Sasa punguza umbali. Kwa yadi 200, ile .270 ya kawaida husogezwa sentimita 7 au 8 tu, kwa sababu umbali ukipungua nusu, athari ya upepo hushuka hadi karibu robo. Hakuna kaliba inayouzwa dukani inayokupa nafuu ya namna hiyo. Inapatikana kwa magoti na viwiko, kwa kutambaa saa nzima kwenye changarawe.

Kuna jambo la teke pia, yaani bunduki inavyorudi nyuma ikifyatuliwa, nami nimeliona kwa macho yangu uwanjani. Bunduki ya mlimani hubebwa siku nyingi, kwa hiyo watu huitaka nyepesi, kama kilo tatu. Magnum kwenye bunduki nyepesi hivyo hupiga bega vibaya. Baada ya risasi kumi mtu hodari anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Anayeogopa bunduki yake hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hawezi kuusoma upepo. Tena kondoo si nyati. Dume kubwa kabisa la Alaska lina kilo 135 hivi. Kulimaliza kunahitaji risasi ipite mahali pake, si nguvu ya kuvunja gogo.

Nilichomwambia rafiki yangu ni abadilishe risasi, aiache bunduki. Kaliba ya .270 iko sokoni tangu 1925, na siku hizi kuna vichwa vyake vya greni 145, virefu na vilivyochongoka, ambavyo kwa upepo ule ule na umbali ule ule husogea karibu sentimita 25. Zaidi ya nusu ya pengo imezibwa, bega lake likiwa salama. Ajiwekee na mpaka: upepo ukivuma, asifyatue ng'ambo ya mita 300, hata mwongozaji akimhimiza. Kondoo aliyejeruhiwa tumboni huvuka genge ambalo mtu hawezi kulivuka, akafie huko. Hilo linaniuma kuliko mwindaji kurudi mikono mitupu. Kama angekuwa tayari anaimudu 7mm kwa utulivu, ningemwambia aibebe bila wasiwasi.

Siku hizi Jumamosi tunapanda vilima vya Ngong bila bunduki, hadi karibu na mitambo ile ya umeme wa upepo. Anatazama nyasi, anataja kasi kwa sauti, kisha tunainua kipimo cha upepo. Juzi alisema 15. Kipimo kikaonyesha 23.