Tiki isiyosomwa

Mwalimu wa Gredi ya 5 nchini Kenya mwenye wanafunzi 50 akiwapa insha ya ukurasa mmoja, na kila insha akaisoma kwa dakika 3 tu, atakaa na madaftari hayo dakika 150. Hizo ni saa mbili na nusu kwa darasa moja. Akiwa na madarasa matatu anahitaji saa saba na nusu, na bado hajaandaa kipindi cha kesho wala hajajaza rekodi. Basi jioni hiyo hufanya wafanyavyo wengi: hulifungua daftari, hutia tiki, hulifunga.

Mimi naona mazungumzo yetu ya uadilifu wa walimu yangeanzia hapo. Semina za maadili hukazania wizi wa mitihani na fedha za shule, na hayo yana sheria zake na watu wa kuyafuatilia. Uongo wa kwanza wa mwalimu ni mdogo, hauna shahidi, na mara nyingi huzaliwa na uchovu kabla tamaa haijaingia. Asubuhi mtoto huona tiki juu ya sentensi aliyoikosea, akaishika vivyo hivyo. Mwalimu naye ameshika jambo: kwamba anaweza kuithibitisha kazi asiyoisoma na asiulizwe na mtu.

Kinachohitajika ni mpango. Ligawe darasa la watoto 50 mafungu matano ya kumi kumi, kila fungu na siku yake. Jumatatu soma insha kumi za fungu la kwanza neno kwa neno. Dakika 30 zatosha. Zilizobaki ziandike tarehe tu pembeni, kuonyesha kwamba mtoto ameandika, na usitie tiki. Watoto waelezwe tofauti ya tarehe na tiki, na wazazi pia, maana mzazi akiona ukurasa usio na wino mwekundu hudhani mwalimu ni mvivu. Katika kila insha unayosoma shughulikia makosa ya aina mbili tu, kwa mfano upatanisho wa ngeli na uakifishaji. Anayetaka kusahihisha kila kosa huchoka akifika insha ya nne, na kuanzia hapo hurudi kule kule kwenye tiki.

Mazoea hayo yasipokomeshwa darasani hupanda hadi Baraza la Mitihani. Katika mtaala wa umilisi, tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangiwa asilimia 60 ya matokeo ya mtoto anayemaliza msingi, na KPSEA, mtihani wa taifa wa kumaliza Gredi ya 6, asilimia 40. Zaidi ya nusu ya hukumu imo mikononi mwa mwalimu wake mwenyewe. Hiyo ni amana kubwa. Zama za KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho 2023, mwalimu wa darasa hakupewa amana ya namna hiyo.

Kila mwalimu anajua jinsi inavyoharibika. Maagizo ya kazi za vitendo hupakuliwa yakafungiwa kabatini. Siku za kuingiza alama zikikaribia kwisha, na mtandao huku kwetu visiwani Lamu unasuasua, mwalimu mmoja mwenye simu nzuri hukabidhiwa nywila ya tovuti ya Baraza awaingizie wote. Majina yanasomwa, viwango vinakisiwa: huyu anafikia matarajio, huyu anakaribia, huyu babake ni mjumbe wa bodi, mpe kuzidisha matarajio. Hata aliyekuwa baharini na babake wiki tatu hupata alama ya kazi asiyoifanya. Kisha mwalimu wa Gredi ya 7 huipokea rekodi na kuiamini. Mtoto asiyeweza kusoma aya moja huketi nyuma akiwa ameandikwa kuwa anafikia matarajio, na msaada hapewi, kwa kuwa kwa mujibu wa karatasi hauhitaji.

Kipindi ni cha dakika 35. Ukitaka kuwatazama watoto 50 wakitenda kazi katika kipindi kimoja, kila mmoja atapata sekunde 42, na hapo lazima utakisia. Watazame wanane kwa kipindi, karatasi mkononi, na kila kiwango kiandikwe kabla ya kengele kulia. Vipindi saba vinamaliza darasa, kwa hivyo anza wiki tatu kabla ya siku ya mwisho, usingoje ujumbe wa kukumbushwa. Alama ziwe kwenye karatasi yenye tarehe kabla hazijaingia kwenye simu ya mtu yeyote, na mwalimu wa somo akae kando ya anayeziingiza. Asiyekuwepo, nafasi yake iachwe wazi mpaka afanye. Nafasi iliyo wazi husumbua ofisi, lakini ni ya kweli, na mkuu wa shule anayetaka ijazwe bila kazi kufanywa aijaze yeye na atie sahihi yake.

Lamu ina ugumu wake zaidi. Mji ni mdogo. Mwalimu humsomesha mwana wa nduguye, mwana wa mwenye nyumba aliyompangisha, na mwana wa mwenye duka anayemkopesha mchele hadi mwisho wa mwezi. Si lazima mtu aombe kitu. Mkono wenyewe hulegea. Kwa sababu hiyo karatasi za tathmini ziwe na nambari badala ya majina, na orodha ya nambari ikae kwa mwalimu mwingine mpaka usahihishaji umalizike. Za jamaa yako mpe mwenzako asahihishe, nawe uchukue zake. Samaki au sahani ya halua ya Idd ikiletwa, iliwe ofisini na walimu wote mbele za watu, na wiki za tathmini irudishwe kwa maneno mazuri.

Deni nalo lina nguvu kuliko tunavyokiri. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara, lakini mikopo ya simu na daftari la dukani havimo kwenye pesilipu, na huko ndiko theluthi inayobaki huishia. Mwalimu aliyebanwa hivyo hujikuta akibakiza nusu ya somo ili imaliziwe kwenye tuisheni ya kulipia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni za likizo. Hii nusu ya somo inayofichwa asubuhi hakuna mkaguzi anayeiona. Hapa sina la kuzunguka: usipokee pesa kumfundisha mtoto aliye katika darasa lako.

Hasira nitaigusa kidogo. Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, na sheria hiyo ya 2013 ikaweka adhabu, ila matusi na kejeli bado zinapita bila kuandikwa popote. Miezi ya kaskazi, saa nane mchana, chini ya paa la bati, mwalimu aijue saa yake ya hasira kama nahodha ajuavyo mwamba wa njia yake. Saa hiyo apange kazi ya kuandika au ya vikundi, asipange maswali ya ana kwa ana na mtoto mzito. Hasira ikipanda, aliyesimama akae, na akiweza atoke atie udhu. Mafunzo hayo tumerithi na yanafaa darasani kama yanavyofaa nyumbani.

Dini pia imetupa muhasaba, mtu kujihisabu mwenyewe kabla ya kuhisabiwa. Dakika tano kabla ya kuondoka shuleni zinatosha, kwa kalamu na si kwa mawazo tu. Alama gani niliyoandika leo siwezi kuieleza kwa mzazi? Nilipokasirika, lilikuwa kosa la mtoto au la nyumbani kwangu? Mtoto gani sikumtazama kabisa? Hili la mwisho ndilo zito. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija na kuanzisha msikiti na chuo cha Riyadha hapa Lamu, aliwafungulia darasa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wanastahili elimu, wakiwemo waliotoka utumwani. Kila Maulidi tunamsifu kwa hilo, na darasani bado wapo watoto wa nyuma ambao macho yetu huwapita.

Kuna jambo moja ambalo moyo safi wa mwalimu mmoja hautoshi, nalo ni mwalimu mwenzake anapomdhuru mtoto. Hapa Lamu tunaithamini sitara, na ni tabia njema: aibu ya mtu haitangazwi. Lakini sitara ni ya aliyejikosea mwenyewe. Tunapoitumia kumfunika mwalimu aliyemgusa mwanafunzi, wazee wakaitwa, wakazungumza na familia, pesa zikatolewa, mwalimu akahamishwa kisiwa kingine, tumempelekea watoto wengine. Waraka nambari 3 wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) unamtaka mwalimu yeyote anayejua au kushuku aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha huadhibiwa naye. Wengi ofisini hawajui kwamba kunyamaza kwao ni kosa lenye jina.

Mtoto akikueleza, msikilize mara moja, usimhoji tena na tena, kwa sababu maelezo yanayorudiwa kwa watu watano hubadilika na huvurugwa mahakamani. Usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe, saa na mahali. Usimwite mtuhumiwa ajieleze. Hiyo ni kumpa nafasi ya kwenda kwa wazazi wa mtoto kabla yako. Ikiwa mtoto amebakwa, asioge, nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, na afikishwe hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu zake. Kwa mtoto wa Kizingitini au Faza, kisiwani Pate, hizo ni saa chache, kukiwa na mashua ya kungojea na mlango wa bahari wa Mkanda usiopitika maji yakipwa. Usipoteze hata siku moja kwa kikao cha wazee.

Taarifa hupelekwa kwa mkuu wa shule. Akiwa ndiye mtuhumiwa au akikaa kimya, iende kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, polisi au afisa wa watoto. Nambari ya simu 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure. Aliyeripoti mara nyingi hutengwa ofisini, hasalimiwi, na huitwa mchongezi. Ndiyo maana heri taarifa iandikwe na walimu wawili, itiwe sahihi zote mbili, na kila mmoja abaki na nakala yenye tarehe na muhuri wa ofisi iliyoipokea.