Posa ya Miaka 25

Jamani, mimi mkulima tu wa kaskazini mwa Britania, Mrumi nilimkosea nini? Shamba nimelima, matuta yamenyooka, nasubiri mbegu. Mwaka 122 kaja kututembelea Hadrian, kaisari wao. Ugeni gani huo? Mara askari wanashusha mawe juu ya matuta yangu! Nauliza, "Wakubwa, fidia je?" Wakanitazama utadhani kaongea ng'ombe.

Ukuta maili 80 za Kirumi, bahari mpaka bahari. Kila maili kuna lango na walinzi, ungesema basi afadhali, nitapita. Thubutu! Kusini yake wamechimba handaki, upana mita 6 hivi, kina mita 3, na matuta ya udongo huku na huku. Ukitaka kuvuka, zunguka mpaka kwenye ngome. Malisho ng'ombe wanayaona, mimi nayaona, tumesimama tu.

Na hizo barabara mnazozisifia! Octavius mmoja alimwandikia mwenzake wa ngome ya Vindolanda kwamba ngozi ziko Catterick, ila hajazifuata maana barabara mbovu, anaogopa kuumiza wanyama. Haya. Mimi nikichelewesha nafaka ya kodi, nijaribu kusema barabara mbovu. Nitalala kifudifudi wiki nzima.

Lakini lililoniumiza ni la binti yangu. Kapendana na askari wa kikosi cha Watungri, kijana wa kule ng'ambo, miguu imepauka kwa baridi. (Hawa ndio wa kuandikiwa barua toka kwao: nimekutumia soksi, ndala jozi mbili na chupi mbili. Ndio waliotushinda vita!) Nikamwita, nikamwambia, "Kijana, posa utaleta lini?"

"Baba, sheria hairuhusu askari kuoa."

"Mpaka lini?"

"Nikimaliza utumishi. Miaka 25. Hapo napewa uraia wa Roma, na ndoa inatambulika."

Miaka 25! Huyo ndama anayenyonya pale atakuwa keshakufa, ngozi yake hema, na hema lenyewe limechanika. Nikamuuliza wajukuu watakula nini. Akasema mshahara upo, mara tatu kwa mwaka, wakishakata chakula, viatu na nguo. Nikamwambia, "Basi sema hakuna."

Nageuka nipate wa kuniunga mkono, mama yake binti kainama, anampima kijana mguu amshonee soksi.